Kazi uliyoianza kwa mapenzi, mapenzi yakihama unaimaliza au unaiacha?

#1 Nakshi_Bagamoyo
Wakuu, salaam. Naomba mawazo, hasa kwa mliowahi kuwa na kazi ya sanaa yenu wenyewe, ile ambayo hakuna bosi aliyewatuma.

Miaka kadhaa nyuma nilianza kuchora milango ya nakshi ya Mji Mkongwe hapa Bagamoyo. Mpango ulikuwa kuichora yote iliyobaki, kwa penseli kisha wino mweusi, nikianzia Mtaa wa India nishuke hadi pwani. Nakaa asubuhi kabla jua halijaupiga mlango usoni, nachora kizingiti cha juu, miimo ya pembeni, mfaa (ule mti wa katikati), njumu za shaba (ile misumari minene ya pambo) moja baada ya nyingine. Watu wa mtaa wamenizoea, kuna nyumba naletewa kiti na chai bila kuomba.

Sasa hivi nikikaa mbele ya mlango mkono unachora lakini mimi mwenyewe sipo. Nipo ufukweni, pale wanapotengeneza mashua. Nimekuwa nikienda kumtazama fundi akipiga kalafati. Anasokota pamba iliyolowa mafuta, anaichomeka kwenye mwanya wa mbao mbili, anaigonga kwa patasi butu taratibu hadi inapotea ndani, halafu anapitisha kidole kuhakikisha. Anarudia tena pembeni yake. Naweza kukaa pale hadi adhuhuri. Na sitaki kuichora ile kazi. Nataka kuifanya.

Daftari la milango limefika katikati. Nikipita mtaani naulizwa, "Wa kwetu lini?" Ni lazima nimalize? Na hamu inahamahama hivi kwa sababu gani?

#2 ChumaMkonge
Mleta mada, maliza. Nakuambia kwa upendo.

Niko Tanga, nawajua watu wenye vipaji vikubwa na kabati zimejaa kazi nusunusu. Hamu haihami ovyo. Inahama kazi inapofika pagumu. Mwanzoni kila mlango ni mpya, katikati unaona maua yaleyale na minyororo ileile, na mwishoni kuna siku watu watalifungua daftari zima wakupime. Hapo ndipo mashua inapopendeza. Na ukifika katikati ya mashua utapenda kupiga marimba.

#3 BintiUkili
ChumaMkonge, kijana wa watu umemhukumu kabla hujamsikiliza.

Mimi nasuka mikeka. Nilibuni mtindo wangu wa kupanga rangi kwenye ukili, ule utepe uliosukwa unaoshonwa kuwa mkeka, wekundu unaanza mwembamba unapanuka kila unaposhona duru mpya. Niliupenda hadi usiku nilikuwa naota nachambua miyaa. Wageni wakaupenda, duka moja likaagiza, kisha likawa halitaki mkeka mwingine wowote kutoka kwangu ila huo. Ndani ya mwaka mikono ikawa inauma nikiuona tu. Mtindo ni uleule na mikono ni ileile, kilichobadilika ni kwamba sikuwa tena na nafasi ya kuamua kesho nisuke nini.

Kwa hiyo, kaka Nakshi, nikuulize: ulianza kuuza michoro?

#4 Nakshi_Bagamoyo
Dada BintiUkili, nauza nakala chache kwa wageni, wengi wao wakati wa tamasha la TaSUBa, chuo cha sanaa cha hapa. Kuna mwenye hoteli aliwahi kutaka milango mikubwa tu, ile yenye njumu nyingi, nikamkatalia. Sidhani biashara ndiyo iliyoniua. Nilipata hela kidogo mno kuweza kuharibika.

#5 BabuDunda
Kijana wangu, wote wawili hapo juu wamesema, lakini hawajakuuliza la msingi. Ulianza kuchora ili ujue nini?

Mtu anaanza kazi kwa sababu kuna kitu anakitafuta ndani yake, hata kama hawezi kukitaja. Akikipata, kazi inabaki na mwili tu. Huenda wewe ulitaka kujua ile nakshi imefanywaje, na mlango wa kumi ukakuonyesha. Iliyobaki ni hesabu ya nyumba.

Mtazame George Lilanga. Mmakonde wa Masasi, alianza kwa kuchonga. Alipokuwa Nyumba ya Sanaa, Dar es Salaam, miaka ya 1970, akaingia kwenye kuchora, na dunia ikamjua zaidi kwa zile rangi zake na mashetani yenye masikio makubwa. Kuchonga hakukuacha moja kwa moja, lakini hakuna aliyemdai magogo aliyoyaacha njiani. Na hata Tingatinga wetu wa hapa Bagamoyo alibadilisha kazi mara nyingi kabla ya kushika brashi.

#6 SomaKwanza
Babu, shikamoo. Kwa Lilanga uko sahihi. Ila Edward Said Tingatinga hakuwa wa Bagamoyo. Kwao ni kusini, upande wa Tunduru, na kazi yake ya kuchora aliifanyia Dar es Salaam. Alianza 1968, akafariki 1972. Kushika kazi nyingine kabla ya hapo ni kweli.

Naongeza jambo linalohusu uzi. Yeye mwenyewe alichora miaka minne tu, kwa rangi za kupaka baiskeli juu ya mbao za dari. Tunazoziona sokoni nusu karne baadaye ni kazi za ndugu na wanafunzi wake na wanafunzi wa hao. Mradi unaweza kumpita aliyeuanza.

#7 BabuDunda
Marahaba, ahsante. Hao wanafunzi wa mtindo wake ndio niliowazoea hapa wakiuza.

#8 SimuliziZaUsiku
Wa kuhama hamu ni Arthur Conan Doyle, yule Mwingereza wa Sherlock Holmes. Alimchoka mpelelezi wake akiwa kwenye kilele cha sifa, alitaka muda wa kuandika riwaya za historia, kazi ambazo mwenyewe aliziona nzito zaidi. Mwaka 1893 akamtupa Holmes kwenye maporomoko ya maji Uswisi. Wasomaji walikasirika, wakafuta usajili wa jarida kwa maelfu. 1901 akashindwa, akamfufua.

Fundisho: watu wakishaipenda kazi yako, siyo yako peke yako.

#9 SomaKwanza
Karibu sawa. Conan Doyle ni mzaliwa wa Edinburgh, Uskoti. Na 1901 hakumfufua. Ile hadithi ya mbwa (The Hound of the Baskervilles) iliyoanza kutoka mwaka huo inasimulia mambo ya kabla ya kifo, alikwepa kwa ujanja. Kumfufua hasa ni 1903, tena wachapishaji walimwekea mezani hela ambayo ni vigumu kuikataa. Baada ya hapo akaendelea na Holmes hadi 1927.

Kwa hiyo siyo upendo wa wasomaji peke yake. Hela nayo ilisema.

#10 BintiUkili
Ndiyo nilichokuwa nasema mimi!

#11 ChumaMkonge
Ndiyo nilichokuwa nasema MIMI. Alirudi akamaliza.

#12 DadaKaole
Jamani mnavutana na Nakshi hamjamwachia nafasi. Kaka, nina swali dogo. Hiyo milango ulikuwa unakwenda kuichora peke yako?

#13 Nakshi_Bagamoyo
Dada Kaole, swali lako limenikalisha.

Mwanzoni nilikuwa na binamu yangu. Yeye hakuchora. Alikuwa anashika futi kamba, anapiga hodi, anaongea na wenye nyumba. Bibi mmoja alikuwa hatufungulii mpaka asikie sauti yake. Alikuwa anapenda kubahatisha mwenye nyumba wa kwanza alikuwa mtu wa namna gani kwa kutazama kizingiti, na tukibishana njia nzima hadi nyumbani. Alipata kazi Mwanza, akahama na familia.

Sijawahi kuunganisha mambo hayo mawili. Lakini nikitazama daftari, kurasa za baada ya yeye kuondoka zina vipimo vichache. Nachora bila kupima.

#14 DadaKaole
Basi. Kwa maoni yangu siyo hamu ya milango iliyohama, ni mtu. Nilikuwa kwenye kikundi cha maigizo hapa Magomeni, nikidhani naipenda sanaa ya jukwaa. Rafiki yangu alipoolewa akaacha, nilimaliza mwezi mmoja nikaacha nami. Sikuwa naipenda jukwaa kiasi nilichodhani, nilikuwa napenda kutembea naye kurudi nyumbani usiku tukirudia mistari. Na kule ufukweni kwa fundi, hauko peke yako.

#15 MidundoYaMwambao
Huyu dada amepiga palepale.

#16 MlinziWaMitaa
Mnajadili moyo wa Nakshi tu, hakuna anayejadili milango. Mimi nitaongea kwa ajili ya milango.

Bagamoyo iko kwenye orodha ya awali ya Urithi wa Dunia ya UNESCO tangu 2006, kama sehemu ya njia kuu ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Orodha ya awali siyo ulinzi. Hewa ya chumvi inakula njumu, mchwa anakula miimo kuanzia chini, na mwenye nyumba asiye na hela ya fundi anang'oa mlango anaweka geti la chuma. Simlaumu, geti linafungika. Mingine inanunuliwa na watu wa mbali inaishia kuwa meza ya sebuleni.

Nakshi, ukiacha nusu, ile nusu ambayo hukuichora ndiyo inayoondoka. Hamu yako ni yako. Lakini ulichokianza kimekuwa kumbukumbu ya mji, na hakuna mwingine anayekifanya kwa namna ile. Nimeliona daftari lako, najua ninachosema.

#17 MidundoYaMwambao
Mkuu Mlinzi, si kuna simu? Kijana yeyote anaweza kupiga picha milango yote Jumamosi moja ikaisha.

#18 Nakshi_Bagamoyo
Midundo, picha ni nzuri nami napiga. Lakini nikupe mfano mmoja.

Kuna mlango nyuma kidogo ya Mtaa wa India, umepakwa rangi ya bluu ya mafuta tabaka juu ya tabaka. Kwenye picha unauona mlango wa bluu umechoka. Nilipokaa kuuchora ilinibidi nifuate kila mstari kwa macho, nikafika chini ya miimo, pale kwenye samaki. Unajua miimo mingi chini ina samaki, kisha mawimbi, halafu mmea unapanda juu. Wale samaki wamekatwa, mkia na nusu ya tumbo hakuna. Nikapima kushoto na kulia, pote vilevile. Ina maana miimo ilifupishwa. Ule mlango haukutengenezwa kwa nyumba ile, ulitoka kwenye nyumba ndefu zaidi ukahamishiwa pale. Mwenye nyumba kazaliwa humo na alikuwa hajui. Tulichuchumaa wote wawili tukatazama samaki.

Siku hiyo nilifurahi nisivyoweza kueleza. Ndiyo maana nauliza hili swali kwa uchungu. Kama furaha ya namna ile inaweza kuondoka, basi najiuliza ya mashua nayo itakaa muda gani.

#19 MlinziWaMitaa
Sasa unaona mwenyewe.

#20 MwongozaWageni
Naomba kuchangia kidogo kuhusu alama, maana wageni huuliza sana. Mnyororo ukichongwa pembeni ya mlango maana yake nyumba ilikuwa ya mfanyabiashara wa watumwa. Na milango yote ya hapa ni ya Waarabu.

#21 SomaKwanza
Mkuu, hilo la mnyororo tunalisikia kila kona hapa na Unguja, lakini maelezo yanayotolewa na wanaochunguza milango hii ni kwamba mnyororo ni ulinzi wa nyumba na waliomo. Ukitumia hadithi ya watumwa kwa kila mnyororo utawapachika dhambi watu wasiohusika.

Na siyo yote ya Waarabu. Wafanyabiashara wa Kihindi walikuwa wengi Bagamoyo, mtaa wao upo hadi leo kwa jina. Zile njumu zenyewe asili yake inaelezwa kuwa India, kuzuia tembo wa vita asiegemee mlango. Huku zikabaki pambo. Kwa kawaida kizingiti cha juu kilichonyooka ni cha zamani zaidi, cha tao kimezoeleka mwishoni mwa karne ya 19.

#22 MwongozaWageni
Nimepokea. Tao mwishoni mwa karne, nyoofu zamani.

#23 FundiMvule
Nimesoma toka juu. Mimi ni seremala na naona mnatafuta mbali kitu kilicho karibu.

Nakshi hajahama popote. Alianza na mbao zilizochongwa, akaona nakshi, akaona miimo iliyofupishwa, akaanza kuwaza mbao zinaungwaje. Kutoka hapo kwenda kwenye mkuku (uti wa chini) na mataruma (mbavu) ya mashua ni hatua moja. Kijana anafuata mbao! Wala haachi mradi, ndiyo kwanza anaingia ndani yake.

#24 BabuDunda
Fundi, hiyo nzuri. Nimeipenda kuliko yangu.

#25 Nakshi_Bagamoyo
Fundi Mvule, ningependa iwe hivyo maana ingenipa amani. Lakini nahisi siyo. Mbele ya mlango nilikuwa natazama kazi ya mtu aliyekwisha kufa. Nikikosea mstari hakuna wa kunikaripia. Kule ufukweni juzi nimeshika patasi kwa mara ya kwanza, nikagonga kwa nguvu, pamba ikakatika, fundi akaniambia, "Unaipiga kama una deni nayo." Akaichomoa yote, akanirudishia nianze upya. Nilikuwa na raha siku nzima.

Kinachonivuta ni kufundishwa, sidhani kama ni mbao. Fundi yule angekuwa anafua chuma pengine ningekuwa kwenye chuma.

#26 ChumaMkonge
Subiri uanze kupaka sifa ndiyo utajua raha. Mafuta ya papa hayo, utayanuka Idi hadi Idi. Daftari lilikuwa halinuki.

#27 BintiUkili
Kweli, mume wangu mvuvi, mashua ikipakwa sifa shati lake silifui na nguo za watoto. Ila harufu nimeizoea, sasa nikiisikia najua msimu.

#28 MidundoYaMwambao
Kuna wanaopaka rangi za dukani siku hizi badala ya sifa.

#29 BintiUkili
Zipo. Mume wangu anasema kwa mbao sifa bado haina mpinzani, rangi inabanduka.

#30 MajiKujaaMajiKupwa
Turudi kwenye mada. Mimi wa Tanga, Chumbageni.

Nilitengeneza programu ya simu ya kuonyesha saa za maji kujaa na kupwa, lini bamvua (maji makubwa), lini maji mafu (maji madogo). Nilikuwa kijana wa chuo, nakwenda Raskazone kuogelea, nikapenda kujua kwa nini bamvua inafuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Niliitengeneza kwa ajili yangu. Ikasambaa kwa wavuvi, kina mama wa mwani, wapiga mbizi wa pweza. Niliikesha, niliipenda kwelikweli.

Kisha nikaoa, nikapata kazi ya mifumo ya hesabu, na nikaanza kulima viungo kwa mjomba Muheza. Leo nikiifungua ile programu nasoma maandishi yangu mwenyewe na sioni nilichokuwa nakishangaa. Lakini ujumbe unakuja: "Kaka, saa za wiki hii hazilingani." Mtu anapanga kwenda mwambani kwa kunitegemea mimi. Hapo siyo suala la sanaa tena.

Kwa hiyo kwa ChumaMkonge: siyo pagumu palipoichosha hamu yangu. Sehemu ngumu nilishazimaliza zote. Maisha yalijaa vitu vingine.

#31 ChumaMkonge
Yako naikubali kwa sababu uliimaliza. Ilifanya kazi. Ya Nakshi ipo nusu.

#32 Ustadh_Pwani
Assalaam alaykum. Nitofautishe mambo mawili. Mpango wako na nafsi yako unaweza kuubadilisha, Mwenyezi Mungu hujua nia. Lakini neno ulilompa mtu ni neno. Kama kuna nyumba uliyoiambia "nitachora mlango wenu", hiyo ni ahadi, na ahadi ni deni. Nyumba ambazo hukuziahidi, huna deni nazo hata kama zimo kwenye mpango. Kaa uorodheshe uliowaahidi.

#33 Nakshi_Bagamoyo
Alaykum salaam ustadhi. Hilo limenisaidia kuliko yote hadi sasa. Niliowaahidi kwa mdomo ni wachache, nawajua. Yule bibi aliyekuwa anafungua akisikia sauti ya binamu yangu yumo.

#34 MlinziWaMitaa
Ustadhi, kwa heshima, na mji je? Mji hauwezi kuja kumwambia niahidi.

#35 Ustadh_Pwani
Mji una wenyewe, ndugu yangu. Wasimwachie kijana mmoja mzigo wa wote.

#36 ZezeLaUgogoni
Mimi ni Mgogo, nilikuja Bagamoyo kusoma TaSUBa. Hakuna aliyemtaja marehemu Hukwe Zawose. Aliishi hapa, alifariki hapa 2003, na familia yake inaendelea na muziki. Alianza na zeze na ilimba (ala ya vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole) za nyumbani, za Kigogo kabisa, na hadi mwisho alikuwa na zeze na ilimba. Amezunguka dunia, amerekodi Ulaya, hakuhama.

Lakini tazama alichofanya. Ilimba aliipanua, ikawa na vijiti vingi kuliko ya kijijini. Alipotaka sauti ambayo ala haina, hakutafuta ala nyingine, aliikuza ileile. Nadhani hamu ikibadilika unaweza kuibadilisha kazi ikufuate, badala ya wewe kuikimbia. Nakshi angeanza kuchora jinsi milango ilivyoungwa, viungo vya ndani, siyo uso tu. Mashua imfundishe mlango.

#37 FundiMvule
Hapa tumekutana.

#38 SomaKwanza
Upande wa pili kabisa wa Zawose ni Arthur Rimbaud, mshairi wa Ufaransa, aliyezaliwa 1854. Aliandika mashairi yaliyobadilisha ushairi wa kwao akiwa kijana mdogo, na kabla ya kufika miaka 21 akaacha. Kabisa. Baadaye akaja upande wetu, Aden kisha Harar, Ethiopia, kuanzia 1880, akifanya biashara ya kahawa, ngozi na hata bunduki. Barua zake kwa familia zimejaa bei na mizigo, na mara kadhaa anataja kutaka kuja Zanzibar. Alifariki Marseille 1891, hakurudi kwenye ushairi.

#39 BabuDunda
Kumbe huyo ndiye ninayemsema mimi. Alikipata alichokitafuta, akafunga daftari.

#40 DadaKaole
Au alivunjika moyo kwa mtu, babu. Nimewahi kusoma kwamba aligombana na mshairi mwenzake hadi akapigwa risasi ya mkono.

#41 SomaKwanza
Ni kweli, Paul Verlaine alimpiga risasi Brussels, 1873. Kwa hiyo babu ana hoja na dada ana hoja.

#42 ChumaMkonge
Na mimi ninayo. Mwenzenu alikuwa na miaka ishirini, hakuwahi kujua ushairi wa mtu mzima ungekuwaje. Sisi Tanga tuna Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani 1909, aliandika hadi anafariki 1962 na ajira ya serikali juu. Watu wa Tanga hatuachi.

#43 MidundoYaMwambao
Watu wa Tanga hamuachi? Na ule msemo wenu wa waja leo waondoka leo?

#44 ChumaMkonge
Huo ni wa wageni, si wenyeji! Wageni ndio wanaoondoka.

#45 SomaKwanza
Ila mkuu, Shaaban Robert naye hakukaa sehemu moja. Ana mashairi, tenzi, insha, hadithi, wasifu wa Siti binti Saad, na maisha yake mwenyewe. Angeng'ang'ania mashairi peke yake tungekosa nusu yake.

#46 BintiUkili
Nakshi, umesikia mengi. Unaelekea wapi?

#47 Nakshi_Bagamoyo
Dada, kwa sasa nimeamua kuchora milango niliyoiahidi, kwa vipimo kamili, na nimempigia binamu yangu kuuliza kama anakuja likizo. Asubuhi nyingine zote nipo kwa fundi. Iliyobaki natafuta wa kumpa. Kuna binti anasoma sekondari hapa, mkono wake mzuri, ameshawahi kuniomba nimfundishe.

Kwa nini hamu ilihama bado sijajua. Nikimsoma DadaKaole namwamini, nikimsoma babu namwamini, na ChumaMkonge ananisumbua usiku.

#48 BintiUkili
Kumpa mtu sawa, lakini jiandae. Niliwahi kumfundisha mpwa wangu ule mtindo wangu wa mkeka ili aendeleze maagizo. Akaanza wekundu na upana mwanzoni, akaenda akipunguza. Kinyume kabisa. Ni kazi nzuri, lakini ni kazi nyingine. Usimpe binti daftari ukitegemea litatoka la kwako.

#49 MlinziWaMitaa
Vipimo vikiwa sahihi, mkono wa nani si neno. Binti akihitaji karatasi na wino nitachanga, na nitamtembeza nyumba ambazo wenyewe wagumu kufungua. Nitumie ujumbe.

#50 Nakshi_Bagamoyo
Ahsante sana Mlinzi. MajiKujaa, wewe programu yako ilikuwaje mwisho? Ulimpa mtu?

#51 MajiKujaaMajiKupwa
Nilimpa mwanafunzi mmoja wa hapa Tanga. Nilimpa kila kitu, na nywila.

#52 Nakshi_Bagamoyo
Uliona wivu?

#53 MajiKujaaMajiKupwa
Sana. Wiki ya kwanza alibadilisha ukurasa wa mbele. Mimi nilikuwa nimeweka mwezi, mduara unaojaa na kupungua, nilihangaika nao sana ule. Akautoa akaweka saa kubwa tu na mshale wa juu au chini. Nilikaa kitandani nimeshika simu nikitaka kumpigia nimwambie aurudishe. Mke wangu akaniuliza, "Ukirudishwa utaitengeneza wewe?" Nikasema hapana.

Wavuvi wanasema saa kubwa inasomeka vizuri juani. Mwezi bado nautaka.

#54 ChumaMkonge
Mwambie auweke kwenye ukurasa wa pili basi.

#55 MajiKujaaMajiKupwa
Nilimwambia. Amesema ataangalia.